Tuijue Milima Yetu: Ngara na Biharamulo si Nchi ya Chokaa

Msafiri atokaye Biharamulo kwenda Ngara kwa njia ya Lusahunga na Nyakahura huanza safari yake katika nchi ya miombo, nchi ya mwinuko mpole ambayo jicho haliioni kuwa ni ya milima. Akisonga mbele kuelekea magharibi, barabara huanza kupanda na kushuka, na safu ya kwanza ya vilima virefu vyembamba hujitokeza mbele yake. Baada ya safu hiyo huja bonde lenye mafunjo, kisha safu nyingine, kisha bonde tena. Hivyo ndivyo ilivyo nchi mpaka afike Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, au Kabanga kwenye mpaka wa Burundi.

Vilele vingi vya safu hizo ni vyeupe. Mawe yake hung'aa juani, na baada ya mvua huonekana kutoka mbali kana kwamba mtu ameyapaka rangi. Kwa sababu hiyo imezoeleka miongoni mwetu kusema kwamba milima hii ni ya chokaa. Tumeyasikia maneno hayo njiani na sokoni, na hata kwa watu waliosoma. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwa nini maneno hayo si sahihi, na kwa nini kosa hilo, ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, linaweza kumgharimu mkulima, fundi na kijiji kizima.

ASILI YA KOSA

Kosa hili limeanzia katika lugha. Neno chokaa lilipata nguvu zake pwani. Huko, tangu zama za Kilwa, Lamu na Unguja, watu walichoma mawe ya matumbawe katika matanuri wakapata unga mweupe wa kujengea na kupakia kuta. Chokaa ya pwani ni chokaa kwelikweli, kwa kuwa matumbawe ni mabaki ya viumbe vya baharini. Neno hilo lilipofika bara lilikutana na mambo mengine meupe. Udongo mweupe wa kupakia nyumba ukaitwa chokaa. Unga wa kuchorea mistari ya uwanja wa mpira ukaitwa chokaa. Haikuwa ajabu, basi, jiwe jeupe la mlimani nalo likapewa jina hilohilo.

Lakini mwamba hautambuliwi kwa rangi. Chokaa yenyewe yaweza kuwa nyeupe, ya kijivu, ya manjano au nyeusi. Njia ya kuitambua ni rahisi, na kila shule inaweza kuitumia. Kwanza, kwaruza jiwe kwa kisu. Chokaa hukwaruzika na kuacha unga. Jiwe gumu la vilele vya Ngara halikubali, bali kisu ndicho huacha alama ya chuma juu yake, na jiwe hilo likipitishwa juu ya kioo hukichora. Pili, dondosha tone la asidi. Maji ya limau au siki kali yatatosha ikiwa jiwe limepondwa kuwa unga. Chokaa hutoa povu, maana asidi inafukuza hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake. Jiwe la Ngara hukaa kimya.

Jiwe hilo la kimya wataalamu huliita kwatsaiti. Mwanzo wake ulikuwa mchanga, mchanga wa kawaida kama ule wa ufukoni, ulioshindiliwa na kupikwa chini ya ardhi mpaka chembe zake zikashikana kuwa kitu kimoja. Pamoja nayo iko mishipa ya kwatsi tupu, nyeupe kama maziwa, iliyopenya katika nyufa. Mishipa hiyo ndiyo hasa inayowadanganya watu.

MILIMA ILIVYOJENGWA

Darasani tulifundishwa kwamba miamba ni ya aina tatu: miamba ya moto iliyoganda kutokana na uji wa ardhini, miamba ya mashapo iliyolala tabaka kwa tabaka majini, na miamba geu, yaani ile iliyokuwa ya aina nyingine ikabadilishwa na joto na mgandamizo. Milima ya Ngara na ya magharibi ya Biharamulo ni ya aina hii ya tatu kwa sehemu yake kubwa. Palipokuwa na mchanga pamekuwa kwatsaiti. Palipokuwa na tope pamekuwa mawe ya tabaka nyembamba yanayobanduka kama kurasa za kitabu, ambayo huitwa filaiti na shisti.

Umri wa miamba hiyo ni mkubwa kupita fikira zetu. Mashapo yake yalianza kulala zaidi ya miaka milioni 1,400 iliyopita. Baadaye yalisukumwa na kukunjwa kama mkeka unaosukumwa ukutani. Kisha mvua, jua na mito vikafanya kazi ya muda mrefu ya kukata. Tope lililogeuka filaiti ni laini, likaliwa haraka na kuwa mabonde. Kwatsaiti ni ngumu, ikabaki imesimama. Kwa hiyo safu tunazoziona leo ni mifupa ya nchi iliyobaki baada ya nyama kuliwa.

Kutokana na ujenzi huo, umbo la wilaya ya Ngara linaeleweka. Nchi iko kati ya mita 1,200 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134. Safu zimejipanga kwa kufuata mikunjo ya miamba, na mito imelazimika kuzitii. Mto Ruvubu unaotoka Burundi hukutana na Kagera karibu na Rusumo. Hapo maji ya mito yote miwili hupenya katika mlango mwembamba wa miamba na kuanguka. Kagera kisha hugeuka kuelekea kaskazini, ikiwa mpaka wetu na Rwanda, kabla ya kupinda mashariki na kumaliza safari yake ziwani. Maporomoko hayo ndiyo yaliyojengewa mtambo wa umeme wa megawati 80, unaogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mlango huo usingekuwapo kama mwamba wake ungekuwa laini.

Biharamulo ina sura nyingine. Mashariki yake imekaa juu ya mwamba mkongwe zaidi, ule wa moyo wa Tanzania, wenye matale na mikanda ya mawe ya kijani ambayo umri wake ni zaidi ya miaka milioni 2,500. Ndiyo maana dhahabu ya Tulawaka, iliyoanza kuchimbwa na kampuni kubwa mwaka 2005 na kuingia mikononi mwa shirika la taifa la madini, STAMICO, mwaka 2013, iko upande huo na si katika safu za Ngara. Kati ya moyo huo mkongwe na safu za magharibi yako pia mawe ya mchanga ya kundi la Bukoba, machanga kuliko yote tuliyoyataja. Mtu mmoja akisafiri siku moja kwa basi kutoka Biharamulo hadi Ngara amevuka nchi tatu za kijiolojia bila kuonyesha hati ya kusafiria.

JINA LA SAFU

Suala la kuzipanga safu hizi katika mafungu yake limewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930 wanajiolojia wa serikali ya kikoloni ya Uganda waliiita miamba hii kwa majina ya falme mbili za jirani, Karagwe na Ankole. Wakati huohuo wenzao wa upande wa Kongo waliita miamba inayofanana nayo kwa jina la milima ya Kibara iliyoko Katanga, na wale wa Burundi nao wakawa na jina lao. Kila mkoloni alichora ramani yake hadi penye mpaka wake, akaweka kalamu chini. Jiwe lililovuka mto likabadilishwa jina kama mtoto aliyehamishiwa shule nyingine.

Baadaye ikakubaliwa kwamba yote ni ukanda mmoja mrefu, kutoka Katanga hadi kusini-magharibi ya Uganda, ukaitwa Kibara. Hivyo ndivyo vitabu vingi vilivyofundisha kwa miongo kadhaa. Lakini mwaka 2010 kundi la wataalamu lililoongozwa na Luc Tack wa Ubelgiji lilionyesha kwamba ukanda huo umekatwa katikati na mwamba mkongwe zaidi unaopita karibu na Ziwa Tanganyika. Wakapendekeza mikanda miwili: Kibara upande wa kusini-magharibi, na Karagwe-Ankole upande wa kaskazini-mashariki, unaozikusanya Rwanda, Burundi, kusini-magharibi ya Uganda na kona yetu ya Tanzania. Kwa hiyo jina lililotungwa karibu miaka themanini kabla yake limerudi likiwa na maana iliyo wazi zaidi.

Tunayaeleza haya kwa sababu yana fundisho. Mipaka ya serikali na mipaka ya mawe ni mambo mawili. Mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979 ulipopewa jina la Kagera. Chato, iliyokuwa sehemu ya Biharamulo, ilipata wilaya yake na mwaka 2012 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mabadiliko yote hayo yalifanywa kwa karatasi na muhuri. Safu za Karagwe-Ankole hazikusogea hata kidogo, na atakayetaka kujua maji yake yanatoka wapi, au udongo wake unahitaji nini, hana budi kuifuata ramani ya mawe kwanza.

NCHI YA CHOKAA HUWAJE?

Tukitaka kuona tofauti vizuri, tuitazame nchi ya chokaa yenyewe. Hatuna haja ya kwenda mbali. Amboni, karibu na Tanga, kuna mapango makubwa yaliyochimbwa na maji ndani ya chokaa ya zama za kale za bahari. Maji ya mvua hubeba asidi kidogo, na asidi hiyo huiyeyusha chokaa polepole kwa miaka maelfu. Ndiyo maana nchi ya chokaa huwa na mapango, mashimo yanayomeza vijito, na chemchemi zinazobubujika ghafla mbali na mahali maji yalipozama. Ndiyo maana pia viwanda vya saruji vya Tanga na Wazo Hill, Dar es Salaam, vilijengwa mahali vilipo, kwani saruji haipatikani bila chokaa.

Ulaya iko nchi ya Kras, huko Slovenia, ambayo jina lake limekuwa jina la mandhari ya aina hiyo duniani kote. Na katika milima ya Alpi iko safu ndefu inayojulikana rasmi kwa jina la jiwe lake, yaani Alpi za Chokaa za Kaskazini. Katika miaka ya 1980 vyama vya wapanda milima vya Ujerumani, Austria na Tirolo ya Kusini vilikaa pamoja na kuigawa Alpi yote ya Mashariki katika makundi 75, kila kundi na jina lake na mabonde yanayolitenga na jirani yake. Wenzetu hao hawakuona kuwa kazi ya kuyapanga majina ya milima ni ya upuuzi. Mpanda mlima anayejua kwamba yuko juu ya chokaa anajua pia kwamba atatembea saa nyingi bila kuona kijito, naye hujaza chupa yake mapema.

FAIDA YA KUJUA

Twende sasa kwenye kiini cha maneno yetu. Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa jiwe si chokaa bali ni kwatsaiti, mimi mwenye migomba na kahawa yanihusu nini? Yakuhusu sana, ndugu yetu.

Jambo la kwanza ni udongo. Chokaa inapooza hutoa udongo usio na ukali, kwa kuwa yenyewe huzima asidi. Kwatsaiti ni mchanga uliogandamana. Ikimomonyoka hurudi kuwa mchanga, na mchanga hauna cha kumlisha mmea. Filaiti na shisti hutoa udongo mwekundu ambao mvua nyingi huusafisha rutuba na kuuacha na asidi. Mkulima anayeamini kwamba shamba lake liko chini ya mlima wa chokaa atadhani kwamba mvua inamletea chokaa bure kila mwaka. Kumbe hali ni kinyume. Maharage yake yanapodumaa na majani kuwa ya manjano, huenda anaongeza mbolea ya dukani na asione faida, kwa sababu asidi ya udongo huifungia mbolea hiyo, hasa ile ya fosfati, isiufikie mzizi. Mashamba ya namna hii yanahitaji samadi, majivu, matandazo na, baada ya udongo kupimwa, chokaa ya kilimo iliyoletwa kutoka kwingine. Wazee wetu waliozungushia migomba samadi na takataka za nyumbani hawakusoma jiolojia, lakini waliitii.

Jambo la pili ni maji. Katika kwatsaiti hakuna mapango ya kuhifadhi maji. Maji hukaa katika nyufa, huteremka taratibu hadi yakutane na filaiti isiyopitisha, na hapo hutokeza kama chemchemi kando ya mlima. Chemchemi za vijiji vingi vya Ngara ziko katika mstari huo, chini ya safu na juu ya bonde. Uhai wake unategemea mvua kupenya kilimani. Kilima kikivuliwa miti na nyasi, mvua hukimbia juu juu, huchukua udongo, huufukia mto, na chemchemi hukauka wakati wa kiangazi.

Jambo hili tulifundishwa kwa uchungu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 wakiyakimbia mauaji na vita vya Rwanda. Wengi wao walipiga kambi Benaco. Wananchi wa Ngara waliwapokea, na sifa hiyo haifutiki. Lakini mji mkubwa uliozuka kwa siku moja ulihitaji kuni, na vilima vya jirani vikalipa gharama hiyo mpaka kambi za Wanyarwanda zilipofungwa Desemba 1996 na baada ya hapo. Mteremko wa kwatsaiti uliopoteza udongo wake haujengi mwingine katika maisha ya mtu mmoja.

Jambo la tatu ni ujenzi. Mawe ya vilele vyetu ni mazuri kwa misingi na kwa kokoto za barabara, maana ni magumu. Hayafai kuchomwa kwa kutafuta chokaa. Anayeyatia tanurini atateketeza kuni zake na mwisho atatoa mawe yaleyale yakiwa na nyufa tu.

Jambo la nne ndilo zito kuliko yote, nalo ni nikeli. Kati ya miaka milioni 1,370 na 1,400 iliyopita, uji wa moto kutoka chini sana uliingia kati ya mashapo ya ukanda huu na kuganda katika mstari unaotoka Musongati, Burundi, hadi Kabanga, Ngara. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wa miaka ya 1976 hadi 1979 ulithibitisha kuwa Kabanga kuna nikeli, na makampuni mbalimbali yakapokezana utafiti kwa miaka zaidi ya arobaini. Oktoba 2021 kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16, ilipewa leseni maalumu ya uchimbaji.

Nikeli ya Kabanga imefungwa pamoja na salfa. Mawe yenye salfa yakitolewa ardhini na kuachwa wazi, hewa na mvua huyageuza kuwa chanzo cha asidi kali, na asidi hiyo huyeyusha metali na kuzipeleka mtoni. Hili ni jambo linalojulikana katika migodi ya namna hiyo duniani kote, na dawa yake pia inajulikana: kuyafunika mabaki yasipate hewa, kuyapima maji daima, na kutia chokaa. Katika nchi ya chokaa mlima wenyewe husaidia kuzima asidi. Katika nchi ya kwatsaiti mlima hausaidii. Chochote kitakachotoroka kitateremka kuelekea Ruvubu na Kagera kikiwa na ukali wake. Mwananchi anayeamini kwamba amezungukwa na chokaa anaweza kutulia pasipostahili kutulia. Anayejua ukweli atauliza maswali yanayopaswa kuulizwa katika mkutano wa kijiji, na atayauliza mapema.

TUNAYOPENDEKEZA

Hatuipingi nikeli. Wilaya iliyoishi pembezoni kwa muda mrefu ina haki ya kunufaika na kilicho chini ya miguu yake. Tunachosema ni kwamba faida na hasara za madini hupimwa na mtu anayeijua ardhi yake, na asiyejua maana haambiwi maana.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kila shule ya Ngara na Biharamulo ikusanye mawe ya kata yake, iyapange mezani, iyaandikie majina, na wanafunzi wayajaribu kwa kisu na kwa limau. Pili, halmashauri zote mbili ziombe ramani za kijiolojia za maeneo yao kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini huko Dodoma, ziziweke mahali pa wazi pamoja na maelezo ya Kiswahili. Tatu, maofisa ugani wasimshauri mkulima kununua mbolea kabla udongo wake haujapimwa. Nne, matokeo ya upimaji wa maji katika maeneo ya migodi yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji, kwa Kiswahili na kwa tarakimu zinazosomeka.

Hakuna pendekezo hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha za kigeni. La kwanza linahitaji ndimu, kisu na mwalimu mwenye moyo, na linaweza kuanza Jumatatu ijayo. Mtoto atakayetoka katika somo hilo akijua kwamba mlima wa nyuma ya kwao ni mchanga wa kale uliogeuka mwamba, hatadanganyika na weupe wa jiwe. Akikua, hatadanganywa kwa urahisi na mtu atakayekuja kumweleza habari za ardhi yake mwenyewe.